Mweke Subutai kilimani: namna ya kumtumia jenerali wa Wamongolia kwenye gemu za vita

Njia ya haraka zaidi ya kumpoteza Subutai ni kumzungushia kipanya pamoja na jeshi zima kisha kubonyeza katikati ya kambi ya adui. Ndivyo wanavyofanya vijana wengi wanaokuja kucheza kwenye saiba yangu hapa Kondele, Kisumu, siku za Jumamosi. Wanaona jina lake chini ya skrini, wanaona uhai wake umezidi wa askari wa kawaida, wanakata shauri kwamba huyu ndiye wa kutangulia. Baada ya muda mfupi nasikia, "Madam, shujaa amekufa!" Mchezo umeisha hapo hapo, kwa sababu sheria yetu ni kwamba shujaa akifa, umeshindwa.

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, lakini Subutai nimemsoma kwa muda mrefu na ninamheshimu kwa dhati. Naamini mchezaji akielewa yule mtu mwenyewe alipigana vipi, atamtumia vizuri kwenye gemu yoyote iliyompa nafasi. Mifano yangu inatoka Age of Empires II, gemu ya vita ya kompyuta. Toleo lake la 1999 linakubali hata kwenye mashine kuukuu ambayo wengine wangeiuza kama chuma chakavu, na toleo la 2019 limepamba mambo bila kubomoa msingi. Subutai utamkuta kwenye kampeni ya Genghis Khan, jina likiandikwa Subotai, akiwa mpiga mishale juu ya farasi. Kwenye mchezo wa kawaida hatengenezwi kama askari wengine, ila unaweza kumweka kwenye ramani unayoitunga mwenyewe. Nitalieleza hilo mwishoni.

Mjue kwanza

Alizaliwa karibu na mwaka 1175 katika watu wa Uriankhai, akafariki 1248. Hakutoka katika nyumba ya kifalme. Alipanda kwa kazi yake. Mwaka 1220 yeye na mwenzake Jebe walitumwa kumwinda Muhammad, mtawala wa Khwarazm huko Asia ya Kati, wakamfukuza mpaka akafia kwenye kisiwa cha Bahari ya Kaspi. Hawakugeuza farasi kurudi nyumbani. Waliizunguka bahari ile, wakapita Georgia na milima ya Caucasus, na mwaka 1223 wakawavunja wakuu wa Rus, wale wa nchi za Urusi na Ukraine za leo, kwenye mto Kalka. Karibu miaka 20 baadaye, akiwa amepita umri wa miaka 60, ndiye aliyekuwa kichwa cha vita vya Ulaya ya Mashariki chini ya mwanamfalme Batu.

Kuna shahidi mmoja ambaye kila anayemchezesha jenerali wa Kimongolia anapaswa kumsikiliza. Mtawa Giovanni da Pian del Carpine alitumwa na Papa Innocent IV kwa Wamongolia mwaka 1245, akarudi 1247. Aliandika kwamba wakuu wa majeshi yao hawaingii kwenye mapigano. Husimama kwa mbali wakimkabili adui, watoto na wanawake wao wakiwa kando yao juu ya farasi, na mara nyingine hutengeneza sanamu za watu na kuzipandisha juu ya farasi ili wingi wao uonekane mkubwa. Kazi ya jenerali ilikuwa kuona uwanja wote na kuamua nani aende wapi, saa ngapi. Mtu wa namna hiyo ukimtuma kuvunja lango, umeitupa kazi yake yote.

Kabla ya mshale wa kwanza

Mpe Subutai namba yake peke yake. Mchague yeye tu, shikilia Ctrl, bonyeza 1. Mangudai, wale wapiga mishale wa farasi ambao ni wa Wamongolia pekee, wape 2. Farasi wepesi wape 3. Manjaniki, zile zana za kurushia mawe, na magogo ya kubomolea wape 4. Ukishagawa hivyo, acha kabisa tabia ya kuburuta kipanya kuchagua jeshi. Kidole kiende kwenye namba. Mwanzoni mkono wa kushoto utagoma, lakini utazoea, na hakuna kitu kitakachookoa uhai wa shujaa wako kuliko hiki.

Kisha msimamo. Gemu ikikupa askari huwa imemweka kwenye hali ya ukali: akimwona adui anamfukuza popote aendako. Kwa askari wa kawaida sawa. Kwa shujaa hiyo ni hatari, maana mkulima mmoja wa adui akipita karibu, Subutai atamfuata mpaka chini ya ngome. Mbadilishe awe kwenye hali ya kusimama papo hapo. Atampiga mshale yeyote aliye karibu vya kutosha, lakini miguu ya farasi haitaondoka alipo.

Mahali pa kumsimamisha ni juu. Kwenye gemu hii anayepiga kutoka mlimani anaongeza robo ya madhara, na anayepiga kutoka bondeni kwenda juu anapoteza robo. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni yako wewe mchezaji: ukibonyeza namba 1 mara mbili, skrini inakupeleka alipo shujaa, na kama yuko kilimani karibu na njia panda, unaiona vita yote kwa mpigo mmoja wa kidole. Mimi humtafutia kilima chenye mgongo mrefu nyuma yake, ili awe na pa kuteremkia akivamiwa.

Kando yake weka wapelelezi wa farasi watatu au wanne. Wana bei ndogo na ukicheza Wamongolia wanaona mbali kuliko wa mataifa mengine. Faida nyingine ni ile ya Carpine: adui akituma mpelelezi wake, anaona kundi la farasi kilimani na hajui nani ni nani mpaka amekaribia. Nimeona watu wakigawa jeshi lao vipande viwili kwa ajili ya wapelelezi watatu waliosimama tu.

Uchumi sitakawia nao. Wawindaji wa Wamongolia hufanya kazi kwa kasi zaidi kwa asilimia 40, kwa hiyo anza na nguruwe mwitu na kulungu, uwahi kujenga ngome. Mangudai mmoja anakula mbao 55 na dhahabu 65. Dhahabu ndiyo itakayokusumbua.

Kukimbia kwa makusudi

Kule Kalka, Jebe na Subutai hawakuwangoja wakuu wa Rus na washirika wao Wakipchak, wafugaji wa nyika, mahali pamoja. Walirudi nyuma siku baada ya siku. Walioshinda mapambano madogo ya mwanzo walidhani ushindi uko mikononi, wakafuata, na kadiri walivyofuata ndivyo safu yao ilivyorefuka. Wakuu hawakuwa na amri moja. Kila mmoja alikuwa na askari wake na wivu wake. Wamongolia walipogeuka, waliokuwa mbele walipigwa kabla wa nyuma hawajafika. Wakipchak walivunjika, wakawakanyaga hata wenzao waliokuwa wakija.

Kwenye gemu fanya hivi. Chukua mangudai wanane mpaka kumi, waache wengine wamejificha nyuma ya msitu au ukingo wa kilima, na farasi wepesi wawe ubavuni. Hao kumi wapeleke mpaka wapige mishale mara mbili au tatu. Adui akija, rudi hatua chache, geuka, piga, rudi tena. Usikimbie moja kwa moja mpaka upotee machoni, maana kompyuta itaacha kukufuata, na mtu naye atashtuka. Anayekufukuza anatakiwa aone kwamba bado kidogo tu akushike. Ukipoteza mangudai mmoja au wawili njiani usihuzunike. Mbele ya mchezaji wa kweli ndio wanaomshawishi aendelee.

Mangudai humzidi mbio kidogo mpanda farasi mwenye deraya nzito, ndiyo maana mtego huu unamkaa sawasawa. Mwenye farasi wepesi usimfanyie, atakushika mgongoni.

Kipimo cha kugeuka ndicho kinachowashinda wengi. Wanageuka mapema, mara tu wanapofika walipo wenzao. Ngoja. Tazama safu ya adui kwenye ramani ndogo pembeni ya skrini. Madoa yake yakiwa rundo moja, endelea kurudi. Yakianza kuwa kama uzi, wale wa kasi mbele, wa miguu mbali nyuma, hapo bonyeza 3 uwapitishe farasi wepesi katikati ya uzi, kisha 2 ugeuze mangudai wote. Subutai hajasogea. Yuko pale juu, na wewe unapima yote hayo kwa macho yake.

Mto

Vita ninavyovipenda kuliko vyote ni vya Mohi, Hungaria, 11 Aprili 1241. Siku mbili kabla yake kikosi kingine cha Wamongolia kilikuwa kimemwua Mtawala Henry wa Silesia kule Legnica, Polandi. Majeshi mawili mbalimbali, nchi mbili, wiki moja. Mfalme Béla IV alikuwa amepiga kambi karibu na mto Sajó, magari ya kukokotwa yamezungushwa kama ua, na daraja limelindwa. Batu alishambulia darajani. Wahungaria walisimama imara na kumwumiza, mpaka Wamongolia walipoleta manjaniki na kuwatawanya waliolinda daraja kwa mawe. Wakati huo Subutai alikuwa ameteremka kando ya mto na watu wake, wanajenga daraja lao wenyewe ili watokee nyuma ya kambi.

Anayeijua barabara ya kwenda Nairobi afikirie daraja la Ahero: macho yote yako pale, magari yamepanga foleni, na wakati huo mtu anavuka Nyando chini zaidi, kwenye mashamba ya mpunga, ambako hakuna anayeangalia.

Daraja la Subutai lilichelewa. Batu alipoteza watu wengi akimngoja, na baadaye alilalamika. Subutai alipotokea, kambi ilizingirwa, na hapo Wamongolia wakafanya jambo la akili sana: waliacha upenyo. Wahungaria walipoona njia iko wazi wakatoka mbio kwa makundi, na waliokimbia waliuawa njiani kwa urahisi kuliko ambavyo wangeuawa wakiwa wamejifungia ndani ya magari yao.

Mtoto wa kidato cha tatu kutoka Nyalenda alinionyesha hili likifanyika mbele yangu. Alikuwa anacheza na mwendesha boda boda mtu mzima, mzoefu, kwenye ramani yenye mto mmoja na vivuko viwili. Subutai wake alikuwa juu ya mwamba upande wa kaskazini na wapelelezi wawili. Kwenye kivuko kikubwa aliweka manjaniki tatu na mangudai wachache, akaanza kurusha mawe. Yule bwana akaleta jeshi lake lote kwenye kivuko, kila jiwe likidondoka anatawanya watu wake na kuwakusanya tena. "Madam, huyu msichana hapigani, anatupa mawe tu," akaniambia. Binti hakujibu. Kidole chake kilikuwa kwenye 3, na kwenye ramani ndogo niliona madoa yake yakivuka kivuko cha chini, moja moja, taratibu, bila kugusa nyumba yoyote ya adui njiani. Alipotokea nyuma, hakuwashambulia askari. Aliwapita akawaendea wakulima. Bwana akageuza jeshi zima kwenda kuwaokoa wakulima, na jeshi linalotembea halipigi. Mangudai wa kivukoni wakavuka wakawa nyuma yao.

Shika pointi hiyo: askari aliyeamriwa kuondoka hapigi mpaka afike au aamriwe upya. Ndiyo maana upenyo wa Mohi una maana hata kwenye gemu, ambako askari wa kompyuta hawana hofu. Hofu anayo mchezaji. Ukimfungia pande zote atapigana pale alipo. Ukimwachia upande mmoja atajaribu kuokoa manjaniki zake, na kila anachokiokoa kinakuwa kimegeuza mgongo.

Na kumbuka kuchelewa kwa daraja. Kikosi cha kuzunguka kitoke kwanza, cha kivukoni kianze kelele baadaye. Watu wengi wanaanza na kelele.

Wanaomuua

Warusha mikuki midogo ndio adui wa kwanza. Mmoja hugharimu chakula 25 na mbao 35 tu, na wana nguvu ya ziada dhidi ya wapiga mishale wote, shujaa wako akiwemo. Ukiwaona watano, bonyeza 1 na uondoke, kisha watume farasi wepesi wawashughulikie. Askari wa miguu wenye mikuki mirefu hawatamfikia asipozembea, ila wakimkuta kwenye kona wanaua farasi upesi. Ngome usiikaribie naye kwa sababu yoyote. Wamongolia pia hawana deraya ya mwisho ya wapiga mishale wala ile ya mwisho ya farasi, kwa hiyo mwisho wa mchezo wanaumia kuliko unavyotarajia. Tafiti mbinu za Waparthi (Parthian Tactics kwenye gemu) mapema, inaziba pengo kiasi.

Ngome waachie magogo na manjaniki. Wamongolia wana utafiti mmoja kwenye ngome yao unaoongeza mwendo wa zana za kubomolea kwa asilimia 50, na hakuna anayetarajia gogo litembee hivyo. Historia nayo inakubali: waliwachukua mafundi wa Uchina na wa nchi walizoshinda, wakasafiri nao.

Shujaa akijeruhiwa mrudishe nyuma na umwache, hupona mwenyewe polepole. Usimrudishe vitani akiwa nusu kwa sababu una haraka.

Kama unataka kuona jenerali wa Kimongolia akipotea, mtazame Kitbuqa. Mwaka 1260 Hulegu, mkuu wa jeshi la Wamongolia huko magharibi, alikuwa ameondoka na sehemu kubwa ya jeshi baada ya kifo cha Khan Mkuu Möngke, akamwachia Kitbuqa kikosi kidogo huko Shamu. Tarehe 3 Septemba, Ain Jalut, Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati ule, walimfanyia mchezo wa kwao Wamongolia wenyewe: kamanda wao Baibars alitangulia na kundi, akapigana na kurudi, na Kitbuqa akafuata mpaka kwenye vilima alikojificha Sultani Qutuz. Kitbuqa aliuawa, na safari ya Wamongolia kuelekea Misri ikakoma pale. Jenerali aliyejua mtego huo tangu ujana aliufuata kwa sababu alikuwa mbele ya jeshi lake, na mtu aliye mbele haoni pembeni.

Huku kwetu tuna kumbukumbu iliyo karibu zaidi. Kutoka Kisumu unaiona milima ya Nandi asubuhi ikiwa hakuna mawingu. Wanandi waliwazuia Waingereza kwa miaka kama kumi, na Koitalel arap Samoei ndiye aliyekuwa kichwa chao. Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na akapigwa risasi pale pale na Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza. Upinzani ule haukusimama tena kama ulivyokuwa. Nawasimulia vijana habari hii kila mara mtu anapoitwa na mwenzake, "leta shujaa wako tuongee hapa katikati." Shujaa haendi katikati.

Kumtunga mwenyewe

Fungua kihariri cha ramani, chagua mchezaji, tafuta Subotai kwenye orodha ya askari au ya mashujaa kulingana na toleo lako, umweke juu ya kilima. Halafu nenda kwenye triga, yaani maagizo ya "jambo hili likitokea, fanya lile". Tengeneza moja yenye sharti la kuharibiwa kwa kitu, na kitu hicho kiwe Subutai wa mchezaji wa kwanza. Tokeo lake liwe kutangaza ushindi wa mchezaji wa pili. Tengeneza nyingine ya kinyume kwa shujaa wa upande ule. Hizo mbili zinatosha kubadilisha kabisa namna watu wanavyocheza, kwa sababu ghafla kila mtu anaanza kujiuliza shujaa wake yuko wapi.

Kishawishi cha watunzi wengi ni kumwongezea uhai mpaka awe jitu. Usifanye hivyo. Jitu halihitaji kilima wala wapelelezi, na mchezaji atarudi kule kule kwa kubonyeza katikati ya kambi. Mwache na uhai wake wa kawaida, kisha mpe vitu vinavyomsaidia kuona: minara ya ulinzi miwili mitatu kwenye vilima, wapelelezi wa ziada, na ramani yenye mto wenye vivuko zaidi ya kimoja. Vivuko viwe mbali, angalau upana wa skrini mbili, la sivyo hakuna wa kuzungukwa. Msitu uwe mkubwa kiasi cha kuficha farasi 20. Upande wa adui mpe ngome moja nzuri na warusha mikuki wa kutosha, asije akalalamika kwamba ameonewa.

Jaribu ramani peke yako dhidi ya kompyuta kabla ya kuwaita watu. Hifadhi mchezo kabla ya kuvuka mto, maana stima huku ikipotea haipigi hodi, na hakikisha faili la ramani liko kwenye kila mashine kabla ya kuunganisha nyaya.